Mgeni Mmoja, Kitanda Kimoja: Nyumba za Wageni na Nafasi ya Mtoto katika Pwani ya Mtwara

Nyumba ya kulala wageni, ambayo wakazi wa Mtwara kama Watanzania wengine huiita kwa mkato gesti, ni nyumba inayotoa chumba kwa malipo ya usiku mmoja au siku chache. Kwa sifa hiyo inatofautiana na nyumba ya kupanga, ambamo mpangaji hulipa kodi ya miezi na kuhamia na vyombo vyake, na inatofautiana pia na nyumba ya mwenyeji, ambamo mgeni hupokewa kwa undugu, urafiki au imani bila kudaiwa kitu. Katika pwani inayoanzia Mikindani, ikapita Mtwara mjini, Msangamkuu na Msimbati, hadi pale Mto Ruvuma unapoingia baharini, nyumba za namna zote tatu zimekuwapo kwa muda mrefu, lakini historia zake hazikwenda sambamba. Hoja ya insha hii ni kwamba nyumba ya malipo ya siku chache ilikua katika pwani hii kwa ajili ya mtu mzima anayesafiri kwa kazi, kwamba mtoto mdogo hakuingizwa katika hesabu yake kwa kuwa alikuwa na mahali pengine pa kulala, na kwamba swali linaloulizwa leo, la kama nyumba fulani ya wageni inamfaa mtoto au haimfai, limepata uzito pale tu mahali pengine hapo palipoanza kupungua.

Mgeni wa msimu na mtoto wa ndani

Mikindani, mji wa kale ulio kiasi cha kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, umekaa kando ya ghuba iliyokingwa vizuri, yenye mlango mwembamba unaopita kati ya matumbawe, na kwa hiyo ulifaa sana kuhifadhi majahazi. Biashara ya majahazi ilifuata pepo mbili, yaani kaskazi, unaovuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na kusi, unaoshika zamu kuanzia Aprili. Na kwa kuwa chombo kilichoshuka na kaskazi hakikuweza kurudi mpaka upepo ugeuke, mgeni wa pwani alikaa wiki au miezi, akiuza, akinunua, akitengeneza tanga na kungoja. Wageni hao walikuwa manahodha, mabaharia na wachuuzi, na karibu wote walikuwa wanaume walioacha wake na watoto makwao. Baadhi walilala chomboni, baadhi katika mabanda ya ufukweni, na wenye hadhi au mtaji walipokewa na mwenyeji wa biashara, mtu wa mjini aliyempa mgeni malazi, akamtafutia wanunuzi na kumdhamini mbele ya wakubwa wa mji, naye akafaidika kwa biashara iliyopita mikononi mwake.

Ujenzi wa nyumba za mawe za Waswahili, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, uliizingatia hali hiyo. Mbele palikuwa na baraza, kiti cha mawe kilichojengwa kwenye ukuta wa nje, ambapo mpita njia yeyote aliweza kukaribishwa. Kisha ukumbi wa mlangoni, uliopindwa makusudi ili jicho la mtu wa nje lisipenye. Na katika nyumba nyingi za aina hiyo sebule ya wageni iliwekwa kando au ghorofani, wakati mwingine ikiwa na ngazi yake yenyewe, ili mgeni aingie na kutoka bila kupita ndani. Neno ndani lilikuwa na maana mahususi, kwani lilitaja sehemu ya wanawake, ya jiko na ya watoto, ambamo mwanamume asiye maharimu, yaani asiye wa nasaba inayokataza ndoa, hakuruhusiwa kuingia. Mtoto mdogo alikuwa mtu wa ndani na mgeni alikuwa mtu wa sebuleni, na ukuta uliokuwa kati yao ulilinda heshima ya wote wawili. Hakuna aliyelazimika kuuliza kama sebule ilimfaa mtoto, kwa sababu mtoto hakutarajiwa kulala humo.

Bara kidogo kutoka ufukweni, katika Uwanda wa Juu wa Makonde, utaratibu ulikuwa mwingine ingawa matokeo yalifanana. Wamakonde, kama Wamakua, Wayao na Wamwera wanaopakana nao, walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto alikuwa mjomba wake, ndugu wa kiume wa mama. Mwanamke aliyesafiri na mtoto mgongoni kwa hiyo hakusafiri kuelekea kwa wageni, bali alikwenda kwa mama yake, kwa dada zake au kwa kaka yake, na alipofika mtoto alipelekwa kulala kwa bibi pamoja na wajukuu wengine. Katika nchi ambayo maji yalichotwa mabondeni na kupandishwa kwa miguu hadi vijijini juu ya uwanda, kumpa mtu maji ya kuoga lilikuwa jambo lenye gharama halisi, na methali isemayo kwamba mgeni huwa mgeni siku mbili na siku ya tatu hupewa jembe ilikuwa kanuni ya uchumi zaidi kuliko utani, kwani iliweka ukomo wa siku za kukaa bure muda mrefu kabla ya siku hizo kuwekewa bei. Mtoto hakuhusika na methali hiyo, kwa kuwa hakuwa mgeni. Alikuwa mwana wa nyumba aliyechelewa kufika.

Nyumba ya dola nne

Miongoni mwa kumbukumbu za mapema zilizoandikwa kuhusu nyumba iliyokodishwa kwa muda mfupi katika pwani hii ni ile ya David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti, aliyefika kwenye mdomo wa Ruvuma mwezi Machi 1866 akianza safari yake ya mwisho. Alikuwa amekusudia kupanda na mto huo, aliokwisha kuujaribu mwaka 1861 na 1862, lakini mikoko na matope ya maingilio, yaani sehemu ambapo maji ya mto huchanganyika na ya bahari, vilimzuia kushusha ngamia, nyati, nyumbu na punda aliowaleta, hivyo akageuza kuelekea Mikindani, ambako aliandika kwamba alikodi nyumba kwa dola nne kwa mwezi na kushusha humo mizigo yake yote. Mwanzoni mwa Aprili msafara ulikwisha ondoka. Kwa lugha ya leo huo ulikuwa upangaji wa muda mfupi kamili, wenye mwenye nyumba, bei, na mpangaji ambaye hakuwa na ukoo, dini wala biashara ya kumuunganisha na mji, na ambaye kwa sababu hiyo alilipa fedha pale ambapo mwingine angeleta zawadi.

Orodha ya waliofuatana naye inaeleza mengi kuhusu nyumba hiyo ilikusudiwa nani. Walikuwamo askari wa Kihindi 13, watu 10 kutoka kisiwa cha Nzwani katika Komoro, vijana 9 waliosomeshwa katika shule ya watumwa waliokombolewa huko Nashik nchini India, pamoja na wengine wachache, wakiwamo Wayao wawili, Chuma na Wekatani, waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861 wakiwa bado wavulana. Nyumba ya dola nne ilikuwa ghala na bweni la wanaume, na wale wanaokumbukwa kama vijana wa msafara walikuwamo kwa sababu utoto wao ulikatizwa mapema.

Jambo hili linahitaji kusisitizwa, kwa sababu itakuwa kosa kudhani kwamba watoto hawakusafiri. Katika njia zilizotoka Ziwa Nyasa kushuka Kilwa, Lindi na Mikindani, watoto walisafiri kwa wingi katika karne ya 19, lakini wengi wao walisafiri kama bidhaa, wakalazwa katika nyua na mabanda yaliyofungwa, na hakuna aliyewahesabu kuwa wageni. Mkataba ambao Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mwezi Juni 1873 ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, na miaka mitatu baadaye Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alianzisha Masasi makazi ya watumwa waliokombolewa. Makazi hayo yalikuwa na nyumba, mashamba na shule, na hivyo mtoto aliyekombolewa alipewa kijiji. Hata hapo mahali pa mtoto aliyepotezwa na safari palionekana kuwa kaya, na chumba cha kukodi hakikufikiriwa.

Boma, baraza na banda la serikali

Utawala wa Wajerumani uliporejea pwani ya kusini baada ya vita vya mwaka 1888 hadi 1890, ulijenga Mikindani boma, yaani jengo la ngome na ofisi ya serikali, mwaka 1895. Jengo hilo jeupe lenye mnara, lililosimama mlimani juu ya ghuba, lilikuwa na kuta nene na ngazi za mawe, likikusudiwa maofisa na askari. Nje ya miji serikali ilitumia mabanda na baraza zilizoezekwa kwa nyasi, ambamo ofisa aliyekuwa ziarani alilala kwenye kitanda chake cha kukunja huku wapagazi wakilala nje. Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig aliyetembelea Lindi, Masasi, Newala na Uwanda wa Makonde mwaka 1906, wakati majeraha ya Vita vya Majimaji yalikuwa bado mabichi, alifanya kazi na kulala katika baraza za namna hiyo.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia waliendeleza mtindo huo wa nyumba ya mapumziko ya serikali, iliyowekwa njiani kwa ajili ya bwana shauri, daktari au mkaguzi. Wakati huohuo mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani yaliajiri manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotambuliwa kwa namba, wengi wao wakiwa Wamakonde waliovuka kutoka upande wa Wareno, na hao walilazwa katika makambi. Ofisa alilala pema na kibarua vibaya, lakini kila mmoja alihesabiwa kama mwili mmoja wenye kazi moja, na vitanda viligawiwa kwa hesabu hiyo.

Karanga, korosho na kuzaliwa kwa gesti

Mji wa Mtwara wenyewe ni tunda la mpango ulioshindwa. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha kilimo kikubwa cha karanga mwaka 1947, Nachingwea ilichaguliwa kuwa moja ya maeneo yake, na ili karanga ziweze kusafirishwa ilibidi kujengwa reli na bandari yenye kina kirefu mahali ambapo palikuwa na vijiji vya wavuvi. Mpango ulifutwa mwaka 1951, bandari ikafunguliwa mwaka 1954 wakati karanga zilizokusudiwa hazikuwapo tena, na reli ikafungwa mwaka 1962. Mji uliobaki ulikuwa na barabara pana, viwanja vikubwa na watu wengi waliotoka kwingine: makarani, mafundi, makuli wa bandarini, madereva na wachuuzi.

Ni watu hao, wasiokuwa na mjomba mjini, waliohitaji gesti, na umbo la nyumba hiyo lililozoeleka nchini kote linawafaa wao hasa. Kuna ukumbi mrefu wenye vyumba pande mbili, kila chumba kikiwa na kitanda kimoja, chandarua kimoja, kandambili jozi moja na msumari wa kutundikia nguo. Uani kuna choo na bafu vya kuchangia, pipa la maji na ndoo. Mbele, mara nyingi, kuna baa au duka la vinywaji, kwa kuwa faida ya chumba peke yake ilikuwa ndogo. Mapokezi yana kitabu cha wageni, daftari ambamo mgeni huandika jina, kabila, kazi, atokako, aendako na sahihi yake, na ukutani hubandikwa masharti yanayodai malipo kabla ya huduma na kukataza watu wa jinsia moja kulala chumba kimoja. Gesti isiyosajiliwa huitwa gesti bubu, jina linaloonyesha kwamba kitabu hicho ndicho kinachoipa nyumba sauti mbele ya serikali.

Biashara ya Mtwara ilifuata majira ya korosho, kama ile ya Mikindani ilivyofuata pepo. Kuanzia Oktoba, korosho zinapokauka na mauzo kuanza, vyumba vilijaa wanunuzi, wapima uzito, madereva wa malori na maofisa wa ushirika, na msimu ulipokwisha vilibaki vitupu. Mwenye gesti aliyetegemea miezi michache ya mtu mmoja mmoja mwenye fedha mkononi hakuwa na sababu ya kununua kitanda cha mtoto. Zaidi ya hayo, gesti ilipata sifa ya kuwa mahali pa mambo ya watu wazima, kwa kuwa chumba kilitolewa pia kwa saa chache, na familia yenye kujiheshimu iliona haya kuonekana ikiingia humo na watoto mchana.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza Septemba 1964 na kumalizika kwa uhuru wa Juni 1975, vinathibitisha mgawanyo huo. Familia nzima zilivuka Ruvuma zikikimbia, lakini zilipokewa na ndugu zao wa upande wa Tanzania, kwa kuwa mpaka uliwakata Wamakonde bila kuwatenga, au zilipelekwa katika makazi ya wakimbizi kama Rutamba, mkoani Lindi. Kijijini mgeni alitakiwa kupelekwa kwa balozi, kiongozi wa nyumba kumi katika mfumo ulioanzishwa na chama cha TANU katika miaka ya 1960, ili ajulikane ni nani na amefikia kwa nani. Swali hilo la pili lilidhani tayari kwamba kila mtu anaye wa kumfikia.

Sheria iliyomzuia mtoto mlangoni

Sheria za nchi zilipomtazama mtoto katika nyumba za namna hii, zilimtazama kwanza kama mtu wa kukingwa na mahali hapo. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilisimamia leseni za pombe, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza adhabu kwa wanaowadhulumu watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, ilimpa mwenye baa wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto haingii. Kwa gesti ambayo mlango wake wa mbele ndio mlango wa baa, maana yake ni kwamba mzazi anayefika usiku na mtoto usingizini humpitisha mahali ambapo sheria haikutaka awepo. Sheria hizo zilikuwa na sababu nzito, lakini zilisisitiza kinga ya mlangoni zaidi kuliko hali ya chumba, na fikra ya kwamba nyumba ya wageni si mahali pa watoto, ambayo awali ilitokana na mazoea, ikapata nguvu ya maadili.

Gesi, ufukwe na mgeni mpya

Mambo mawili yalibadilisha hali hii. La kwanza ni barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya basi kati ya Dar es Salaam na Mtwara ilitegemea kivuko cha Rufiji na hali ya mvua, na abiria waliweza kukwama njiani siku kadhaa. Baada ya daraja na lami, safari ikawa ya siku moja, na familia ikaweza kwenda Mtwara kwa arusi, msiba, matibabu au mapumziko bila kungoja meli. La pili ni gesi asilia, iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 na kuanza kuzalisha umeme mkoani katika miaka ya 2000, kisha ikafuatwa na ugunduzi mkubwa wa bahari kuu kuanzia mwaka 2010. Wahandisi na wakandarasi walimiminika, na wenye nyumba wengi wakageuza makazi ya familia kuwa loji, yaani gesti ya daraja la juu yenye vyumba vinavyojitegemea kwa choo na bafu. Machafuko ya Mei 2013, yaliyotokana na uamuzi wa kupeleka gesi Dar es Salaam kwa bomba, na kukamilika kwa bomba hilo mwaka 2015, vilifuatiwa na kupoa kwa pilikapilika hizo, na baadhi ya vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya mhandisi mmoja vikaanza kutafuta wateja wengine.

Wakati huohuo utalii uliingia kwa kiasi. Boma la Mikindani lilikarabatiwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likawa hoteli; na mwaka 2000 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye eneo la kilomita za mraba 650, inayojumuisha vijiji vya watu, mikoko, matumbawe na fukwe za Msimbati. Mgeni wa fukwe hizo aghalabu huja na watoto, na huenda akaitafuta nyumba kwa njia ya intaneti. Jukwaa kama Airbnb, lililoanzishwa San Francisco mwaka 2008, humtaka mwenye nyumba aseme kama nyumba yake inawafaa watoto wa miaka 2 hadi 12 na wachanga walio chini ya miaka 2. Swali ambalo sebule ya Mikindani na gesti ya korosho hazikuwahi kuulizwa sasa limeandikwa wazi na linahitaji jibu la ndiyo au hapana.

Katika pwani hii jibu la hapana mara nyingi lina sababu zinazoonekana kwa macho. Nyumba ya kale ya ghorofa ina ngazi ya mawe iliyo wima na roshani yenye ukingo mfupi, vitu ambavyo mtu mzima huvizoea kwa siku moja na mtoto wa miaka miwili haviwezi kabisa. Uani huwa na kisima au tangi lisilofunikwa. Ufukweni bahari hujaa na kupwa kwa tofauti kubwa, hivyo mahali palipokuwa mchanga asubuhi huwa maji alasiri. Na kando ya Ruvuma kuna mamba na viboko. Chandarua kimoja juu ya kitanda kimoja, katika mkoa wenye malaria, hakiwatoshi mama, baba na watoto wawili. Hakuna hata moja kati ya sababu hizi inayotokana na chuki kwa watoto.

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha basi kwamba mwenye nyumba wa Mtwara anayemwambia mzazi kabla ya safari kuwa nyumba yake haimfai mtoto mdogo havunji ukarimu wa pwani, kwani ukarimu huo haukuwahi kumlaza mtoto penye sebule ya wageni. Kinachokosekana ni upande wa pili wa utaratibu wa zamani, yaani ndani na kwa bibi, ambako mtoto alikuwa na nafasi yake ya hakika, na ambako familia nyingi zinazosafiri leo hazina tena mtu wa kuzipokea. Hadi sasa, katika muundo wake uliozoeleka, kitabu cha wageni kina safu ya jina, kabila, kazi, atokako na aendako mgeni. Safu ya mtoto aliyefuatana naye haimo.